Mkwaju wa Mwisho

Columbus, Ohio
28 Januari 2025

Swahiba wangu,

Salamu zako nimezipata kupitia kwa shemeji, nami nimefurahi kusikia mguu wa mama unaendelea vizuri. Mshikie mkono kwa niaba yangu. Huku sote wazima, baridi tu ndiyo inayotusulubu.

Umeuliza kwa nini Jumanne ile asubuhi, wewe hata chai hujamaliza, nilikupigia simu napiga makelele usielewe hata neno. Kwenye simu nilishindwa kusema. Acha nikuandikie.

Timu ya chuo kikuu cha hapa, Ohio State, imetwaa ubingwa wa taifa. Najua utasema timu ya wanafunzi, kwani kuna nini? Sikiliza basi. Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000. Huu wa kwao unaingiza 102,780, na unajaa. Ila usiufikirie mpira wetu. Huu ni mpira wa Kimarekani, wanaubeba mikononi na kuurusha. Una majaribio 4 ya kusogea yadi 10, ukishindwa unamwachia mwenzio. Ukifika nao kwenye eneo la mwisho la mpinzani unapata pointi 6. Ukikwama karibu, anaitwa mpiga mkwaju, kijana ambaye muda mwingi amesimama pembeni, jezi yake safi wakati wenzake wamechafuka, aje aupitishe mpira katikati ya nguzo mbili kwa pointi 3. Huyo ndiye ninayetaka kukusimulia.

Msimu walianza kwa kugawa vipigo tu. Akron alikula 52-6, Western Michigan 56-0. Oktoba wakafungwa kwa Oregon 32-31, muda ukawaishia huku wanatafuta nafasi ya kupiga mkwaju. Iliuma, lakini watu walisamehe.

Kisichosameheka hapa ni Michigan. Hao ni watani wa jadi, wanachezana tangu 1897. Wiki ya mechi yao, chuoni wanaziba herufi M. Nilikuwa kwenye basi pale High Street naelekea zamu ya usiku, nikaona kibao kimebandikwa utepe mwekundu, alama ya X juu ya kila M. Nikajaribu kuwaza Kiswahili kisicho na M. Hakuna mama, hakuna mpira, hakuna Mungu wa kumwomba. Ndipo nikaelewa wenzetu hawa wanachukiana kiasi gani.

Mechi yenyewe, 30 Novemba, tuliitazama kwa jirani yangu, mzee mmoja wa Bukavu. Kiswahili chake na changu havifanani sana, lakini kwenye mpira tunaelewana. Michigan walikuwa wameshapoteza mechi 5 msimu huo, hakuna aliyewapa nafasi. Jayden Fielding, mpiga mkwaju wa Ohio State, akakosa mara mbili. Zikiwa zimebaki sekunde 45, matokeo 10-10, mpiga mkwaju wa Michigan akafunga wake. 13-10. Mara ya nne mfululizo kufungwa na Michigan, tena nyumbani. Baadaye ugomvi ukazuka katikati ya uwanja kwa sababu Michigan walitaka kusimika bendera yao pale, mpaka polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Kibarua cha kocha Ryan Day kilikuwa kinaelekea kuota nyasi. Kila ulipopita watu wanataka afukuzwe.

Mimi kocha sikumwaza. Nilimwaza Fielding, na kupitia kwake nikakuwaza wewe. Ile fainali ya kata, penalti yako iliyogonga mwamba. Ulivua viatu palepale ukaenda nyumbani peku, barabara nzima ya mkonge, jua la saa kumi. Nimeiona safari ile miaka yote hii.

Bahati yao, msimu huu mchujo wa ubingwa ulipanuliwa ukawa wa timu 12, kwa hiyo pamoja na kufungwa mbili waliingia. Wakawachapa Tennessee 42-17. Siku ya mwaka mpya wakawakuta tena Oregon, na kabla ya mapumziko ilikuwa 34-0! Ikaisha 41-21. Nusu fainali na Texas ilikuwa 21-14, Texas wamefika mlangoni kabisa, ndipo Jack Sawyer, mtoto wa Pickerington hapa jirani, akampokonya mpira Quinn Ewers wa Texas, aliyewahi kulala naye chumba kimoja chuoni, akakimbia nao yadi 83. Yule mzee wa Bukavu alisimama juu ya kochi.

Fainali wakacheza na Notre Dame kule Atlanta, 20 Januari. Ilifika 31-7 tukaanza kupika chai. Kumbe bado. Notre Dame wakarudi, na mpiga mkwaju wao naye akagonga nguzo; niliziba uso, ingawa hakuwa wetu. Ikafika 31-23. Pointi 8 zinasawazishwa kwa shambulizi moja, zile 6 na 2 za nyongeza. Will Howard, mrushaji wa Ohio State, akamrushia mwenzake Jeremiah Smith, kijana wa miaka 19, mpira mrefu wa yadi 56. Halafu wakakwama, na akaitwa Fielding.

Yadi 33. Mmoja anaurudisha mpira kwa nyuma kupitia miguuni, mwingine anaudaka na kuusimamisha kwa kidole, na mpigaji anatakiwa awe ameshaupiga ndani ya sekunde moja na kidogo. Hakuna muda wa kuwaza. Akaupiga, ukapita katikati. Zilibaki sekunde 26, 34-23. Hapo ndipo nilipochukua simu.

Sasa nikuambie kilichonikaba koo nikashindwa kusema. Ryan Day alimwita kijana yuleyule. Watu walikuwa wanataka kichwa chake kwa sababu ya mechi ile, na bado alimwita. Mimi nilikuwa nahodha wako. Mwaka uliofuata tulipata penalti kwenye mechi ya kwanza tu, ukatembea ukauchukua mpira, ukanitazama, nami nikakunyang'anya nikampa mtu mwingine. Alifunga, watu wakanisifu. Wewe hukusema kitu. Wala hukuomba tena penalti, hata ya mazoezini. Nilijiambia nimefanya kwa ajili ya timu, lakini niliogopa watu, swahiba. Ndiyo hivyo tu. Nisamehe.

Likizo nimeshaiomba, nakuja mwezi wa nane. Siku ya pili yake, kabla wageni hawajajaa nyumbani, twende pale uwanjani kama bado lile goli la miti lipo. Mpira nitakuja nao. Mimi nitakaa golini.

Wako,
Nahodha