Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Afisa Elimu Kata. Mwalimu Mkuu na walimu wetu. Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule. Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Leo Juni 16 tunawakumbuka watoto wa Soweto, Afrika Kusini, waliopigwa risasi mwaka 1976 wakipinga kufundishwa kwa Kiafrikana. Kaka na dada zetu waliotutangulia walisimama hapa wakaomba madawati, nayo yakaja, tunashukuru. Sisi tunaomba kuzungumzia viboko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatusemi mwanafunzi asikanywe. Watundu wapo, na tunawajua kwa majina. Lakini yupo mwenzetu anayetoka ng'ambo ya bonde. Alfajiri anaanzia kisimani, anaacha ndoo nyumbani, ndipo anashika njia. Akifika, namba imeshahesabiwa na mwalimu wa zamu yuko getini na fimbo. Mwanzoni alikuwa anapokea viboko vyake na kuingia darasani, hisabati akiiandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu kiganja cha kulia kimevimba. Siku hizi akiiona fimbo kwa mbali anageuza. Anashinda kwenye mashamba ya mihogo mpaka tutoke, kisha anarudi nasi nyumbani. Mama yake anajua mtoto alikuwa shule. Kwenye daftari la mahudhurio ni mtoro, na utoro nao una viboko vyake.

Darasani mwalimu akiuliza nani hajaelewa, hakuna anayenyoosha mkono. Aliyenyoosha jana aliitwa ubaoni, akakosa saba mara nane, akachapwa. Ukiwa na hofu hata unachokijua kinapotea. Wadogo zetu wa darasa la kwanza wakati wa mapumziko wanacheza shule, na anayekuwa mwalimu kazi yake ni kuchapa tu.

Tumezisoma klabuni Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002. Zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kuchelewa namba na kukosa hesabu hatukuviona humo. Jirani zetu Kenya waliondoa viboko shuleni mwaka 2001, na mitihani wanafanya kama sisi.

Walimu wetu tunawahurumia pia, maana mmoja anabeba darasa ambalo wengine wanakaa chini. Tunaomba uwaongezee wenzao.

Tunaomba, kabla hujaondoka, ukiulizie kitabu hicho cha adhabu na ukisome. Anayechelewa aulizwe kwanza ametokea wapi. Dawati la ulinzi wa mtoto tulilotangaziwa liwe na mwalimu tunayemjua kwa sura, kwa sababu namba 116 ya kupiga mtoto akihitaji msaada tunaifahamu ila simu hatuna. Na wazazi wanaokuja ofisini kusema "huyu mchapeni tu", tunawaomba kwa heshima waache.

Mwalimu wetu mlezi ameipitia risala hii na hakufuta kitu. Tunamshukuru.

Tunaomba kuwasilisha.

Baraza la Wanafunzi