Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu na data za kondo la nyuma

Wanachama wenzangu, habari za kazi. Mambo ya hela mtunza hazina atayaeleza mwenyewe, mimi naingia moja kwa moja kwenye data manake ndo imetula mwaka mzima.

Wengi mlidhani kuchimba data ni kumwaga ripoti zote za maabara kwenye kompyuta alafu programu ituambie kondo la aina gani linaendana na mtoto njiti na lipi na presha ya mimba. Wapi! Muda umeishia kwenye maneno. Daktari mmoja anaandika infakti, mwenzake anaeleza tu kwamba kuna sehemu imekufa, na programu ukiiambia itafute "maambukizi" inakuokotea hata ripoti iliyosema maambukizi hakuna. Ndo maana tukaamua ripoti zote zifuate makundi ya makubaliano ya Amsterdam, yale ya wataalamu wa kuchunguza kondo, yaliyochapishwa 2016: hitilafu za mtiririko wa damu upande wa mama, upande wa mtoto, maambukizi yanayopanda kutoka chini, na vilaitisi (uvimbe kwenye vijidole vidogo vya kondo) isiyojulikana chanzo. Uzito nao upimwe baada ya kukata kiungamwana na utando, na iandikwe kama kondo ni bichi au limelala kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia, kwa sababu formalini inaliongezea uzito.

Sasa kubwa kuliko yote. Kondo linafika maabara pale mambo yakishaharibika, la mama aliyejifungua salama linatupwa, kwahiyo ukiangalia data zetu utadhani kila infakti ni balaa wakati infakti ndogo za pembeni zinaonekana hata kwenye makondo ya mimba zilizotimia na watoto wazima kabisa. Ule mradi wa Marekani ulioanza 1959 ulifuatilia mimba zaidi ya 50,000, zenye shida na zisizo na shida, na data zake zinachimbwa mpaka leo. Sisi bado tunakusanya matatizo tu.

Na jamani, wale mnaopenda kujaribu kila kitu na kila kitu: ukipima uhusiano 100 kwa kiwango cha 0.05, yaani unakubali kudanganywa na bahati mara 5 kwa 100, kama 5 hivi vitajitokeza kwa bahati tu hata kama hamna kitu. Andikeni swali kwanza ndo mfungue faili.

Mwakani kamati inapendekeza tuchukue pia makondo ya uzazi wa kawaida, kwa ridhaa ya mama, na anayeyasoma asiambiwe mtoto aliishia vipi. Rasimu ya fomu ya ridhaa iko kwa katibu, mwenye marekebisho ampelekee kabla ya mkutano mkuu, tutaipigia kura hapohapo.