Urefu wa Tusa

Uyole, Mbeya

Mama Tusa mpendwa,

Poleni na baridi ya Mafinga, huku nako Juni imetukalia vibaya. Habari za mahindi tutapeana kwa simu, leo nina moja tu.

Umeniandikia kwa furaha kwamba Tusa amekupita kimo, anakula kuliko kaka zake lakini hanenepi, usingizi wa shida, na moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Dada, usingoje likizo iishe. Mpeleke akapimwe damu, waangalie homoni za tezi ya shingo.

Atu, mtoto wa dada yangu, alianza hivyohivyo. Tezi ikizidisha homoni, mtoto hurefuka haraka, ila mifupa yake inatangulia umri wake. Alipigwa picha ya mkono wa kushoto, daktari akatuonyesha vile vistari vyeusi karibu na vifundo vya vidole: hapo ndipo mfupa unaporefukia. Vikiziba mapema, kurefuka kumekwisha, na aliyewaacha wenzake darasani anaweza kuishia mfupi kuliko alivyopaswa kuwa.

Linaloniumiza zaidi ni uimara wa mifupa. Mwili hubomoa mfupa wa zamani na kujenga mpya wakati wote. Homoni zikizidi, ubomoaji unakwenda mbio kuliko ujenzi, na kalsiamu inapotelea kwenye mkojo. Tena huu ndio umri wa kuweka akiba, maana msichana akifika miaka 18 anakuwa na karibu asilimia 90 ya mfupa atakaokuwa nao maishani. Maziwa ya Rungwe na dagaa wa Kyela mpe, lakini bila kuituliza tezi havitoshi.

Watakwambia ni upungufu wa madini joto, kwa kuwa milima yetu ilisifika kwa rovu, ule uvimbe wa shingo. Hilo ni jambo jingine. Usimpe dawa yoyote ya madini joto kabla ya vipimo, inaweza kumzidishia.

Dawa ipo, vidonge vya kabimazoli, na hutumiwa kwa muda mrefu, mara nyingi miaka miwili au zaidi. Akiandikiwa, kisha akapata homa na koo kuuma, aache kumeza na apimwe damu siku hiyohiyo, kwani kwa wachache dawa hiyo hushusha chembe nyeupe za damu. Homoni zikikaa sawa, mifupa ya watoto hujijenga tena vizuri. Ndiyo maana nakusihi uwahi.

Leo jioni mwambie anyooshe mikono, umwekee karatasi juu ya vidole. Ikitetemeka, mweleze daktari. Wakiwapa rufaa ya Mbeya, mtafikia kwangu.

Wako,
Mama Lusajo