Ng'ombe anasimama kilomita 1,500 ili sisi tule nyama ya leo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo huku kusini tunaliona kila wiki na hakuna anayelisemea, labda kwa sababu wanaoteseka hawana simu wala kadi ya kupigia kura. Naongelea malori ya ng'ombe yanayoshuka barabara ya Kibiti kuja Lindi na Mtwara. Kabla sijaenda mbali niseme kabisa mimi ni muuza nyama, nina bucha hapa Lindi mjini, msomaji asije akadhani hii barua kaandika mtu anayekula mchicha na anataka wote tule mchicha. Kuchinja sipingi, wanangu wamesoma kwa kuchinja. Ninachokipinga ni ile safari.

Kwa wasiojua, huku kwetu zamani ng'ombe walikuwa wachache sana, mbung'o walikuwa wanawamaliza, tumekulia kuku, mbuzi na samaki. Nyama ya ng'ombe tumezoea kuletewa. Ng'ombe anapakiwa huko Shinyanga, anapita Singida, Dodoma, Morogoro, wengine wanashushwa mnada wa Pugu wanauzwa alafu wanapakiwa upya kwenye gari lingine, kisha Kibiti, daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru, mpaka aje kufika Mtwara ameshakula zaidi ya kilomita 1,500, siku mbili hivi kama gari ni zima, likiharibika porini hapo hesabu inabaki kwa Mungu. Na muda wote huo amesimama. Pembe zimefungwa kamba kwenye bomba la juu, kichwa hakigeuki, mbavu kwa mbavu na mwenzake, maana mwenye mzigo analipia lori zima na sio kichwa kimoja kimoja, kwa hiyo kila anayeongezwa pale ndani kwake ni faida tupu. Maji hapewi. Chini ni kinyesi na mkojo, panateleza, na dereva anakata kona kama kabeba simenti.

Sasa ng'ombe akianguka kwenye lori ndo kwisha habari yake, wenzake wanamkanyaga na sio kwa ubaya, hawana pengine pa kuweka miguu. Ndo unamuona yule kijana anayekaa juu ya bodi anashuka katikati ya mapembe, saa nyingine usiku na gari linatembea, anashika mkia anausokota, wengine wanauvunja kabisa, anachoma na fimbo mpaka mnyama ainuke au ashindwe. Huyo kijana nae simlaumu sana jamani, analala juu ya bomba na mvua ni yake na vumbi ni lake, na kaambiwa akifa mmoja ni juu yake.

Kilichonifanya niandike ni habari za farasi niliyokuwa naisoma kwenye simu. Huku farasi hatuna, ukitaka kumuona labda wale wa polisi Dar, lakini ile habari nilivyoisoma niliona kama naangalia barabara yetu ya Kibiti. Marekani walikuwa na machinjio ya farasi, mawili ya mwisho Texas na moja Illinois, yote yakafungwa mwaka 2007 baada ya wananchi kupiga kelele sana. Watu wakafurahi. Kumbe farasi hawakuacha kuchinjwa, wakaanza kupakiwa kwenye matrela kupelekwa Mexico na Canada, miaka iliyofuata ikafika zaidi ya laki moja kwa mwaka, na sheria yao inaruhusu farasi akae ndani ya gari mpaka saa 28 bila kula wala kunywa. Yani kabla ya hapo alikuwa anachinjwa nchini kwake, sasa hivi anavushwa mpaka kwanza ndo achinjwe. Na farasi ni mnyama wa kukimbia, akiogopa akili yake yote inamwambia kimbia, sasa ukimfungia na wageni asiowajua anapiga mateke, anang'ata, wanaumizana humo humo ndani. Wengine Canada wanapakiwa kwenye masanduku ya mbao wanapandishwa ndege wazima wazima mpaka Japani, kwa sababu kule wapo wanaokula nyama ya farasi mbichi kabisa na wanataka ichinjiwe kwao.

Hapo ndo nikakaa kimya kidogo, maana hiyo sababu ya kutaka ichinjiwe kwao naijua, wateja wangu wanayo hiyo hiyo. Mama anakuja bucha asubuhi swali la kwanza sio bei, anauliza hii ya leo? Ukimwambia imetoka kwenye friji anasonya anaenda kwa jirani.

Na sisi Tanzania funzo la hawa farasi tumeshalipata kwa punda, sema tunasahau haraka. Punda walikuwa wanachinjwa Dodoma na Shinyanga kwa ajili ya ngozi kwenda China, inachemshwa inatoa gundi wanayotengenezea dawa, walikuwa wanaswagwa kwa miguu na kubebwa kwenye malori kutoka mbali mpaka wengine wanafika hawawezi kusimama. Mwaka 2022 serikali ikapiga marufuku, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika kule Addis Ababa wakakubaliana bara zima liache. Hapo nawapongeza, maana kufunga nchi moja na kuacha jirani wazi ni kumrefushia punda safari, atavushwa mpakani usiku. Uingereza nao 2024 wamepitisha sheria hakuna tena kutoa ng'ombe, kondoo, nguruwe wala farasi hai kwenda kuchinjwa nje. Ukitaka kuuza peleka nyama.

Peleka nyama. Hilo tu ndo ninalolisema kwenye barua hii yote, mengine ni maelezo.

Watu wataniambia nyama itaoza njiani, umeme wenyewe huu wa kukatika. Mimi najibu kwa pweza. Pweza wa Songosongo anavuliwa pale Kilwa, anaingia kwenye barafu, anaondoka mpaka anaenda kuliwa Ulaya, hajaoza. Samaki wetu wanaenda Dar kwenye maboksi ya barafu kila siku kwa magari ya kawaida tu. Sasa kama pweza anaweza kufika Ulaya na barafu, nyama ya Shinyanga inashindwaje kufika Lindi? Gari moja la baridi linabeba nyama ya ng'ombe wengi kuliko wanaoenea kwenye lori wakiwa wazima, maana huko hubebi kichwa, hubebi matumbo, hubebi kwato wala kinyesi. Machinjio ya maana yajengwe huko mifugo iliko, kijana anayevunja mikia leo apate kazi ya kuendesha hilo gari. Bei itapanda kidogo mwanzoni, sikatai.

Na nyama yenyewe ya hawa wa lori niwaambie ukweli wa kwenye gogo. Ng'ombe anapungua uzito njiani, hilo mfanyabiashara yeyote analijua, ulinunua mnene unashusha mifupa. Alafu mnyama akichoka sana na kuogopa muda mrefu, ile sukari iliyoko kwenye misuli inaisha kabla hujamchinja, nyama inakosa asidi yake ya kawaida, inatoka nyeusi, ngumu, inanata mkononi na inawahi kuharibika. Mteja anadhani nimemuuzia ng'ombe mzee. Mapaja na mbavu unakuta pamevilia damu, unakata unatupa. Kwa hiyo hata hiyo nyama ya leo tunayoipigania ni ya leo kwa jina tu, kwa hali yake mnyama kaanza kuharibika tangu juzi akiwa hai.

Kingine kinachonishangaza ni kwamba siku hizi ng'ombe huku wapo. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walivyoondolewa bonde la Ihefu kule Usangu wengi waliletwa mkoa wetu, Kilwa, Nachingwea, Liwale, na wenyewe watakusimulia mifugo iliyowafia kwenye ile safari, kwa hiyo adha ya kuhamisha ng'ombe mbali wanaijua kuliko mimi. Ugomvi wao na wakulima naujua na sitaki kuuingilia leo. Ila ng'ombe wako Kilwa hapo alafu sisi tunaagiza Shinyanga, kwa sababu madalali wamezoea njia ya Pugu, na machinjio ya huku mengi ni banda tu na sakafu ya simenti. Nani atapeleka ng'ombe wake mzuri pale?

Sheria tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ni ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama na mambo ya usafirishaji yamo. Lakini nenda kasimame barabarani uone inavyofanya kazi. Lori la ng'ombe linasimamishwa kila kizuizi, kibali cha mifugo kiko wapi, ushuru umelipa wapi, mizani umepita, karatasi zinageuzwa juu chini, na mnyama yuko hapo hapo ulimi nje juani hakuna anayemuangalia, zaidi zaidi ukaguzi unamuongezea saa ya kusimama. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga magari yalikaa foleni siku kadhaa, abiria tulishuka tukanunua maji na samaki, ng'ombe aliyeko juu ya lori alishukia wapi? Kuanzia Kibiti mpaka huku mimi sijawahi kuona sehemu yenye zizi na maji ambapo lori linaweza kushusha likapumzisha mifugo. Ulaya ambako nako wanalaumiwa sana na watetezi wa wanyama, farasi mwisho ni saa 24 na kila saa nane lazima anywe maji. Sisi hata hiyo ya kulaumiwa hatujaifikia.

Sisi waislamu tuna deni zaidi hapa. Mtume (SAW) alituagiza tukichinja tuchinje vizuri, kisu kinolewe, mnyama apewe raha yake. Tunakazana na kisu na kibla, sawa kabisa, lakini yule mnyama kafika pale kavunjwa mkia na hajanywa maji tangu Dodoma, hiyo raha tumempa saa ngapi? Masheikh wetu walizungumze hili kwenye hotuba za Ijumaa, maana sauti yao inafika kuliko ya afisa mifugo.

Ombi langu la karibu ni dogo, halihitaji hata bajeti. Afisa anayekagua nyama sheria inamtaka amuone mnyama akiwa hai kabla hajachinjwa, sio kuja kugonga mhuri nyama ikiwa imeshaning'inizwa. Basi msimu wa korosho hela zikiingia, na Idd ya kuchinja, ambapo malori yanakuja mengi kuliko kawaida, aje alfajiri lori linaposhusha. Aandike wangapi wamefika wamekufa, wangapi wamevunjika, lori namba gani na mwenye mzigo nani, na karatasi ibandikwe pale machinjioni wote tusome. Mimi nitakuwepo, nafungua saa kumi na moja.

Muuza bucha,
Lindi Mjini