Kompyuta hazijakosea, msimu ndio kwanza umeanza

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa michezo kuhusu orodha za kompyuta zinazopanga kwa ubora timu za futiboli ya Kimarekani (ule mpira wa umbo la yai) za vyuo vikuu imenikera, nami nimeona nisinyamaze. Mwandishi wenu anaziita vigeugeu: timu inaporomoka nafasi ishirini kwa usiku mmoja, na nyingine ambayo haikushuka uwanjani kabisa inapanda. Akamalizia kwamba hesabu hizo hazina maana, heri tubaki na kura za waandishi wa habari wanaozipanga timu kwa maoni yao. Mimi naishi South Bend, Indiana, mji ambao Jumamosi za Septemba hauna habari nyingine ila Notre Dame, timu ya chuo kikuu cha hapa, na hesabu hizi nimezifuatilia kwa miaka. Huko kuyumba kwa mwanzo wa msimu ndiko kunakonifanya niziamini.

Chukueni hesabu ya Wes Colley, mojawapo ya zile sita zilizotumiwa na BCS, mfumo uliochagua timu za kugombea ubingwa kuanzia 1998 hadi 2013. Haina siri. Kabla ya mchezo wa kwanza kila timu ina alama 0.5. Ukianza kucheza, unahesabu ulizoshinda unaongeza 1, kisha unagawa kwa ulizocheza ukiongeza 2. Jumapili moja nilimkalisha mpwa wangu wa darasa la nane mezani, chai pembeni, daftari la hesabu mbele yake. Timu imeshinda mchezo wa kwanza: 2 kwa 3, yaani 0.667. Imeruka 0.167 kwa siku moja. Tukaendelea kuishindisha wiki baada ya wiki. Ilipofikisha ushindi 11 bila kupoteza ilikuwa na 0.923, iliposhinda wa 12 ikawa na 0.929. Kijana akatoa, akaangalia jibu, akatoa tena. "Mjomba, imepanda kidogo hivi?" Ndiyo, kidogo hivyo. Ushindi ni uleule, lakini wa kwanza uliisogeza timu karibu mara 30 ya ulivyoisogeza wa 12. Kijiko cha chumvi ukikitia kwenye kikombe cha maji utakisikia mdomoni. Kitie kwenye pipa, hutajua kama kimeingia. Septemba bado tuko kwenye kikombe.

Na hapo hatujamgusa mpinzani. Katika hesabu kamili ya Colley alama yako inategemea alama za uliocheza nao, na zao zinategemea za waliocheza nao wao, mpaka nchi nzima inakuwa wavu mmoja. Ndiyo maana timu iliyopumzika hupanda: timu iliyofungwa nayo wiki mbili nyuma imekwenda ugenini ikashinda, kwa hiyo ushindi wa zamani umepata thamani mpya. Mwandishi wenu ameliona hilo kama kituko. Mwishoni mwa msimu wa 2010 iligundulika kwamba mchezo mmoja wa daraja la chini, Appalachian State dhidi ya Western Illinois, ulisahauliwa kuingizwa katika hesabu ya Colley. Ulipoingizwa, LSU na Boise State zikabadilishana nafasi ya 10 na ya 11 kwenye orodha ya BCS, wakati wala hazikuhusika na mchezo ule. Ikiwa mchezo mmoja wa mbali unaweza kufanya hivyo msimu ukiwa umekwisha, sembuse wiki ya pili, ambapo timu ya ligi ya Big Ten na ya ligi ya SEC mara nyingi hazina hata mpinzani mmoja wa kuziunganisha.

Kuna wanaojaribu kuuzuia mtikisiko huo. Jeff Sagarin, mwanahesabu wa hapahapa Indiana, alikuwa akiufungua msimu na alama za kuanzia, akiziacha tu baada ya timu zote kuunganishwa na michezo ya kutosha. SP+, hesabu ya Bill Connelly, huanza na matokeo ya miaka ya nyuma, ubora wa vijana waliosajiliwa na wachezaji wangapi wamebaki, halafu uzito wa hayo hupungua kadiri michezo inavyoongezeka. Ni busara, lakini nayo ni kukisia. Florida State ilishinda michezo yake 13 ya kwanza ya msimu wa 2023 bila kupoteza. 2024 ikafungua kwa kufungwa 24-21 na Georgia Tech mjini Dublin na kuishia na ushindi 2 na vipigo 10. Kura za waandishi zilikuwa zimeiweka ya 10 kabla ya msimu. Mwaka huohuo timu ya Chuo Kikuu cha Indiana, iliyoshinda michezo 3 tu mwaka uliotangulia, ilimpata kocha Curt Cignetti, akaja na wachezaji wake kutoka chuo cha James Madison, ikashinda 11 kati ya 12 ya msimu wa kawaida. Kwa hamahama ya wachezaji iliyopo siku hizi, jina kwenye jezi linabaki na timu inakuwa nyingine kabisa. Anayeng'ang'ania ya mwaka jana atachelewa kuliona hilo.

Niwaeleze siku ninayoikumbuka zaidi. Tarehe 7 Septemba 2024 nilikuwa chini ya majukwaa ya uwanja wa Notre Dame, nikiuza soseji na kikundi chetu cha kanisa. Kutoka kwenye meza yetu uwanja hauonekani. Mchezo tunaufuata kwa masikio. Notre Dame ilikuwa ya 5 nchini, na Northern Illinois waliletwa kwa malipo ya dola milioni 1.4 ili wafungwe. Zikiwa zimebaki sekunde 31 wakapiga mpira wa pointi tatu, ikawa 16-14, na zege lililokuwa likitetemeka juu ya vichwa vyetu likatulia. Nilibaki na koleo mkononi. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaondoka bila kuchukua chenji yake.

Sasa, hizo kura za waandishi ambazo makala yenu inazisifu kwa utulivu wake ziliitupa Notre Dame kutoka nafasi ya 5 hadi ya 18 kwa wiki hiyo moja. Jumamosi iliyofuata ikaifunga Purdue 66-7. Ikaendelea kushinda mpaka fainali ya taifa tarehe 20 Januari 2025, ilipofungwa na Ohio State 34-23. Kwa hiyo kuyumba si ugonjwa wa kompyuta peke yake. Tofauti ni kwamba ya kompyuta unaweza kukaa na daftari ukaona imetoka wapi, kama tulivyofanya na mpwa wangu. Ya mpiga kura iko kichwani mwake.

Lawama yangu iko kwenu mnaochapa nafasi bila alama. Katikati ya orodha ya timu zaidi ya 130 kuna msongamano: timu ya 40 na ya 60 zinaweza kuachana kwa pointi chache tu, hivyo kusogea kidogo kwa alama kunaonekana kama kuanguka kutoka mnazini. Msomaji anaogopa, mwandishi anacheka, na hakuna aliyeambiwa kwamba timu imecheza michezo miwili tu.

Nawaomba mambo mawili. Karibu na kila nafasi mchape alama yenyewe na idadi ya michezo iliyochezwa, tena mseme kama hesabu hiyo imebeba ya mwaka jana au imeanza upya. Na kabla ya wiki ya tano msichape orodha kabisa. BCS ilikuwa ikisubiri hadi katikati ya Oktoba kutoa orodha yake ya kwanza, na kamati ya watu 13 inayopanga mchujo wa ubingwa sasa husubiri zaidi ya hapo. Nafasi itakayobaki kwenye ukurasa mnaweza kuiweka ratiba, tuone nani atakutana na nani.

Msomaji wenu wa miaka mingi,
South Bend, Indiana