Yakhe, ile picha uliyotuma

Yakhe, salaam aleikum. Huku Tanga wote wazima, mvua tu ndo zimetukalisha ndani wiki nzima.

Naandika haraka maana mdogo wako kanipitia jana hapa Ngamiani akanionyesha picha yako, umekaa juu ya nguzo ya hiyo rola kosta mpya mnayojenga Abu Dhabi, lile treni la kujifurahisha linalopanda na kushuka kwa kasi, spana mkononi, mkanda wa usalama umevaa lakini kamba yake inaning'inia tu. Nimeikuza picha, ndoano haijashika popote. Nikamwambia dogo mama asiione kabisa.

Mama yeye hofu yake nyingine, eti mkimaliza mafundi mtapandishwa wa kwanza. Hilo mimi halinitishi, nimemweleza treni linazungushwa kwanza tupu, halafu na midoli iliyojazwa maji kwa uzito wa watu, tena na tena, ndo mtu anakaa. Magurudumu yanaibana reli juu, ubavuni na chini kwahiyo halina pa kuchomoka, na breki za sumaku zinashika hata umeme ukikatika. Hiyo rola kosta ya Formula Rossa ya hapo hapo kwenu inakimbia kilomita 240 kwa saa tangu 2010, watu wanavaa miwani ya upepo na mchanga, wanashuka wanacheka.

Abiria kafungwa bana, wewe je? Kreni inaleta kipande cha reli kinayumba na upepo, unalenga matundu ya flenji, zile sahani za mwisho wa reli, yaonane upitishe bolti, mikono yote miwili iko kazini, mguu ukiteleza unashikwa na nini? Kule Chongoleani kwenye matangi ya mafuta tulikuwa na ndoano mbili, unachomoa moja nyingine imeshika, hata hatua moja hupigi bila hivyo. Sasa nani kakuambia huko ni tofauti?

Posho ya Bimkubwa imefika, mabati ya jikoni tumeshanunua, nitakutumia risiti.

Ila nijibu haya yakhe. Kamba yako ina ndoano ngapi? Wanawaharakisha? Upepo ukizidi kreni inasimama au mnaendelea tu? Na huyo aliyekupiga picha alikuwa wapi, naye kajifunga? Ijumaa mama anakuja kwetu baada ya swala, lakini mimi nipigie kabla hajafika, tuongee wawili.

Wako, wa Barabara ya 12