Misalaba ya marehemu kwenye mizani ya chuma chakavu

Mhariri,

Jumapili nilikwenda makaburi ya Kinondoni kumpalilia mama. Msalaba wa chuma haupo; vimebaki vishimo viwili kwenye saruji, na marumaru zimebanduliwa kwa tindo. Jina lake limekwenda na msalaba.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 127, inamtaja anayeingilia makaburi kwa nia ya kuumiza hisia za watu au kutusi dini, au akijua kwamba huenda hisia hizo zikaumia. Mwizi atasema alitaka chuma tu, ashtakiwe kama aliyeiba sufuria. Inaniuma sana. Na mnunuzi wa chuma chakavu je? Msalaba wenye jina na tarehe ya kufa ukiwekwa kwenye mizani, anajua umetoka wapi. Kupokea mali ya wizi ni kosa. Polisi waanzie hapo.

Mfiwa,
Magomeni, Dar es Salaam